Sakafu ya mbao ya tela huozea chini, si juu

Ukitaka kujua hali ya sakafu ya tela lako, ingia chini yake na bisibisi. Ukiitazama kwa juu, mbao inaweza kuwa imejaa mikwaruzo ya minyororo na alama za foko (gari la kunyanyulia mizigo), kumbe bado ina miaka mbele yake. Inakofia ni kwenye ncha zake, na pale inapolala juu ya vyuma vya kukatiza vya chesisi. Choma bisibisi hapo. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao hiyo imekwisha hata kama juu inapendeza.

Ninasimamia matengenezo ya matela yanayobeba nondo, saruji na mitambo kutoka Dar es Salaam, na ninaona wamiliki wakitoa hela nyingi kwa mbao mpya kisha wanazifunga mahali palepale palipoua zile za zamani. Fangasi wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu. Mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, hawastawi. Basi kazi kubwa ni kuyanyima maji mahali pa kukaa.

Kwanza chagua mbao kwa kuangalia mzigo. Mkongo, mvule na mninga zina kiini kigumu kinachostahimili mchwa na kuoza, lakini ikague kila mbao: ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na ganda huliwa na bungua, wadudu wanaotoboa mbao, hata kwenye mkongo. Uzito nao una bei yake. Sakafu ya mita 12 kwa 2.4, yenye unene wa milimita 50, inachukua mita za ujazo 1.44. Kwa mkongo mkavu hiyo inapita tani moja. Kwa msonobari ni karibu kilo 700. Tofauti hiyo unapanda nayo mizani ya kupimia malori ya Vigwaza kila safari. Kwa tela la magunia mimi huweka msonobari uliotiwa dawa kiwandani. Kwa tela ambalo foko inapanda juu yake, ni mkongo tu, kwa sababu tairi la foko huelemea mahali padogo na huvunja mbao katikati ya vyuma viwili. Mbao za asili zinunue na risiti na hati ya kusafirishia. Bila hizo unaweza kukwama njiani.

Ukishang'oa za zamani, usiwe na haraka ya kufunga. Kwangua kutu kwenye vyuma kwa grenda na brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka hatua, ndiyo maana sakafu ya pili haidumu. Kila ncha uliyokata ipake dawa au rangi nzito mara mbili tatu, kwa kuwa mbao hunywa maji kwa ncha upesi kuliko kwa ubapa wake. Msonobari wa dawa ukikatwa hufungua sehemu ya ndani ambayo dawa haikufika, hivyo ncha hizo zinahitaji dawa ya kupaka upya. Tumia bolti za mabati, maana dawa yenye shaba hula chuma kitupu. Kama mbao zimekauka, acha upenyo wa unene wa msumari kati yake ili maji yapite. Kama bado mbichi, zibananishe, zitajiachia zenyewe zikikauka.

Vipande vinavyobaki vya mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, usimpe mama lishe akapikie. Nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki. Moshi na majivu yake ni sumu. Nalisema hili kila mara gereji, na nitaendelea kulisema.

Oili chafu siipaki tena mtu atake asitake. Inateleza, inachafua magunia ya wateja, inadondoka ardhini na metali zake. Mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa ni bora: mkono wa kwanza yachanganye na tapentaini yapenye, wa pili yapake yenyewe, kisha futa yanayobaki juu. Hayaui mchwa wala fangasi, yanapunguza maji tu. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji, kwani vikikunjwa vikiwa vimeloa hujipasha joto na kuwaka vyenyewe.

Baada ya kushusha mbolea au chumvi, osha tela siku hiyohiyo, na utoe kwa bisibisi uchafu ulioziba nafasi za mbao. Usifunike kwa turubai tela ambalo bado limeloa. Linsidi rudia kabla ya masika, jua likiwa bado kali na mbao zikiwa kavu. Mvua zikishaanza, subiri hadi ziishe.