Kukokotoa mkazo wa mpira kwa kalamu na karatasi

Nilipoanza kazi ya usanifu wa mashine, nilikokotoa mpira kana kwamba ni chuma: nachukua moduli E (kipimo cha ukinzani wa kitu dhidi ya kuvutwa), nazidisha na mnyumbuko (ongezeko la urefu ukiligawanya kwa urefu wa awali), napata mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo, basi. Kwa mnyumbuko wa asilimia chache njia hiyo haina ubaya, lakini mpira ukivutwa hadi urefu maradufu inapotosha.

Siku hizi naanza na λ, yaani urefu mpya ukigawanywa kwa urefu wa awali. Kwa kuwa ujazo wa mpira karibu haubadiliki, kipande kilichorefuka mara 2 hubaki na nusu ya eneo lake la mkato. Kwa mvuto wa upande mmoja natumia σ = G(λ − 1/λ²), ambapo σ ni mkazo na G ni moduli ya shia (ukinzani wa mpira pale tabaka zake zinaposukumwa kuteleza kando kwa kando), takriban theluthi ya E. Tuseme G ni megapaskali 0.4 na λ ni 2: mkazo ni 0.7, wakati kanuni ya Hooke, yaani ile njia yangu ya awali ya E mara mnyumbuko, ingetoa 1.2. Hiyo 0.7 ni nguvu juu ya eneo la awali; juu ya eneo lililopo sasa ni 1.4. Andika pembeni umegawanya kwa eneo lipi, maana wawili wanaobishana kuhusu jibu moja mara nyingi wametofautiana hapo tu. Mvuto ukizidi sana, mpira halisi hukakamaa kuliko fomula hii inavyotabiri.

Kosa lililonigharimu zaidi lilihusu mgandamizo. Nilisanifu pedi ya kuzuia mtikisiko, kipenyo milimita 100 na unene milimita 10, iliyogandishwa kwenye bamba za chuma juu na chini. Niliikokotoa kana kwamba iko huru kutanuka pembeni. Ilipofungwa haikubonyea hata kidogo cha kuonekana, na mtikisiko ukapita kama kawaida. Nilisahau kigezo cha umbo S, yaani eneo linalobeba mzigo ukiligawanya kwa eneo la pembeni lililo wazi. Hapa S ni 2.5, na moduli ya mgandamizo, E(1 + 2S²), inafika mara 13.5 ya E. Hesabu ya dakika mbili!

Kuhusu G yenyewe, usiipime katika mvuto wa kwanza, kwa sababu mpira mpya, hasa uliochanganywa na kaboni nyeusi (unga mweusi wa kuimarisha mpira), hulegea baada ya kuvutwa. Mimi huivuta sampuli mara tatu au nne hadi kiwango ambacho kifaa kitafikia kazini, kisha ndipo naandika namba.