Unga wa Mabomba na Afya ya Kijana Wangu

SWALI: Mhariri, kijana wangu ameajiriwa katika kiwanda cha mabomba ya plastiki hapa Nakuru. Kazi yake ni kuchanganya unga kabla haujaingia kwenye mashine, na jioni hurudi nyumbani nguo zikiwa nyeupe pepepe. Jirani ameniambia kwamba plastiki hiyo huleta saratani ya ini. Je, nimwachishe kazi? – Mama Mzazi, Kaptembwo

JIBU: Mama, jirani yako ana msingi wa maneno yake, ila saratani aliyoisikia ina mahali pake. Mabomba mengi ya aina hiyo ni ya PVC, plastiki inayotokana na gesi iitwayo vinili kloridi. Mwaka 1974, huko Louisville nchini Marekani, ilibainika kwamba wafanyakazi kadhaa wa kiwanda kilichokuwa kikiigeuza gesi hiyo kuwa plastiki walikuwa wamepata saratani ya ini ya aina adimu mno; waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioingia ndani ya matangi kukwangua mabaki. Viwanda vyetu havigusi gesi hiyo, kwani huagiza plastiki ikiwa tayari unga au punje.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni ule weupe wa nguo. Unga wa PVC hutiwa kemikali za kuuzuia usiharibike kwenye joto la mashine, na kwa miaka mingi kemikali hizo zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi, ingawa siku hizi viwanda kadhaa vinatumia kalsiamu na zinki. Vumbi la risasi likivutwa au kumezwa hujilimbikiza mifupani, hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, na kwa watoto wadogo huathiri ubongo hata likiwa kidogo, kwa hivyo mjukuu anayemkimbilia baba yake mlangoni hupata fungu lake.

Kijana na aulize kiwandani kemikali hiyo ni ipi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awaeleze wafanyakazi kemikali wanazozishika na awape vifaa vya kujikinga. Kitambaa kilichofungwa puani si kifaa. Ikiwa ni risasi, apimwe kiwango chake katika damu kabla hujaamua lolote kuhusu kazi. Kwa sasa abadilishe nguo na kuoga kabla ya kuondoka kazini, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Vipande vya mabomba navyo visiwashie jiko, maana moshi wake una asidi inayochoma mapafu pamoja na sumu iitwayo dayoksini.