Gari la nusu otomatiki halikuanza na Ferrari

Mkuu, umeuliza kama gari la nusu otomatiki, yaani lile ambalo gia unachagua mwenyewe lakini huhangaiki na klachi, lilianza pale Ferrari walipoweka vibonyezo nyuma ya usukani. Wadau kadhaa hapo juu wamekujibu ndiyo. Ferrari ile ya mashindano ni ya 1989. Mimi nimefungua kwa mikono yangu giaboksi ya 1934 inayofanya kazi hiyohiyo, naomba nikueleze kwa kirefu.

Nilifanya kazi miaka sita Coventry, Uingereza, kwenye gereji inayofufua magari ya zamani. Gari la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa Daimler. Pale kwenye usukani pana kijiti kidogo kinachotembea kwenye nusu duara yenye alama za gia. Chini kuna pedali tatu, nami nikadhani ya kushoto ni klachi. Fundi mzee akanisahihisha: hiyo ni pedali ya kubadili gia. Unasogeza kijiti mapema, tuseme kwenye gia ya pili, na gari linaendelea na gia ya tatu kana kwamba hujagusa kitu. Ukifika konani unakanyaga pedali mpaka chini, unaiachia, na ya pili imeshaingia. Bila kelele, bila kutafuta.

Mimi nilijifunzia udereva kwenye lori la mjomba kule Muheza, ambalo ukitaka kurudi gia ya kwanza unakanyaga klachi mara mbili na kupiga resi katikati, la sivyo meno yanalia barabara nzima isikie. Ndiyo maana nilielewa mara moja kwa nini watu wa miaka ile waliuthamini ufumbuzi huu. Cadillac walileta sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili meno yaingie bila kelele, mwaka 1928 tu. Kabla ya hapo, karibu kila dereva alikuwa akiteseka kama mimi na lile lori.

Aliyetengeneza giaboksi hii ni Walter Gordon Wilson, mmoja wa wawili waliobuni kifaru cha kivita mwaka 1915, pamoja na William Tritton. Vifaru vya kwanza vilihitaji watu wanne kuviongoza. Wilson akaweka gia zake kwenye kifaru cha Mark V cha 1918, na kazi ile ikafanywa na mtu mmoja. Baada ya vita akaleta akili hiyohiyo kwenye magari madogo. Kampuni ya magari ya Armstrong Siddeley ikaitangaza giaboksi yake mwishoni mwa miaka ya 1920.

Siri yake ni kwamba meno hayaachani kamwe. Gia ya katikati inazungukwa na gia ndogo, nazo zinazungukwa na pete yenye meno kwa ndani. Kila gia ya chini ina ngoma yake na bendi ya breki inayoikumbatia kwa nje. Ukiikaza bendi, ngoma inasimama na gia hiyo inafanya kazi. Gia ya juu kabisa pekee ndiyo inatumia klachi ndogo iliyo ndani. Kwa hiyo kubadili gia hapa ni kufunga breki moja na kuachia nyingine.

Mwaka 1930 Daimler wakaongeza flaiwili ya mafuta, wazo la Mjerumani Föttinger aliyeanzia kwenye meli. Ni bakuli mbili zinazotazamana ndani ya oili. Ya injini inaisukuma oili, na oili inaizungusha ya pili. Unaweza kusimama kwenye taa ukiwa ndani ya gia na injini isizimike.

Ila ile pedali ya kubadili gia usiikanyage nusu nusu! Siku moja niliikanyaga kwa haraka, bendi haikushika vizuri, na pedali ikaruka juu kupita kiwango chake kwa nguvu ya springi, goti langu likagonga usukani. Kuirudisha chini nilihitaji mguu mzima na mgongo kuegemea kiti. Lakini tulipobadilisha bendi nikaona uhodari wa Wilson: hurekebishi kwa spana. Unakanyaga pedali tena na tena, nati inajikaza kidogo kila mara, na nafasi ikiwa sawa inaacha yenyewe.

Wafaransa walikuwa na giaboksi ya Cotal, iliyotumia sumaku za umeme badala ya bendi, ikafungwa kwenye magari ya Delahaye. Marekani, Oldsmobile walijaribu nusu otomatiki yao mwaka 1937, ila walipotoa Hydra-Matic, giaboksi ya otomatiki kamili, kwa magari ya 1940, pedali ya klachi ikaondoka kabisa na dereva hakuchagua tena. Ya Wilson ilidumu zaidi kwenye mabasi: familia ya RT ya London, karibu mabasi 7,000, yote yalikuwa nayo.

Na wengi wetu nyumbani tumeendesha nusu otomatiki bila kuiita hivyo. Pikipiki ya Honda 50 ya mzee wako ni mtoto wa Super Cub ya 1958. Fujisawa wa Honda alitaka mpeleka tambi aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mwingine umebeba sinia. Ndiyo maana mkono wa kushoto hauna klachi. Ukikanyaga pedali ya gia, mguu wako kwanza unaachanisha klachi, kisha gia ndiyo inahama. Ikanyage polepole, injini ikiwa inawaka, utazisikia hatua zote mbili chini ya soli.