Jina la Mtunzi Kwenye Kaseti: Maswali Yenu Kuhusu Kampuni za Kwanza za Michezo ya Video

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasomea programu za kompyuta chuoni. Juzi aliniambia kwamba watu waliotunga michezo ya kwanza ya video hawakuruhusiwa kuweka majina yao kwenye kazi zao, na kwamba kampuni ya Activision ilizaliwa kutokana na ugomvi huo. Je, ni kweli, au ni soga za vijana? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwanao hakukudanganya, ingawa kisa chenyewe ni kirefu kuliko alivyokusimulia. Kampuni ya Atari, iliyoanzishwa California mwaka 1972 na Nolan Bushnell pamoja na Ted Dabney, ilianza kwa kutengeneza mashine za kuchezea kwa sarafu. Mchezo wake wa kwanza kuvuma, Pong, ulitengenezwa na mhandisi Al Alcorn aliyepewa kazi hiyo kama zoezi tu, na mashine ya majaribio iliyowekwa katika baa moja mjini Sunnyvale iliripotiwa kuwa mbovu, kumbe chombo cha sarafu kilikuwa kimefurika. Mwaka 1976 Warner Communications iliinunua Atari kwa dola milioni 28, na mwaka uliofuata ikatoka VCS, mashine ya nyumbani iliyounganishwa na runinga na kupokea michezo kwa kaseti za plastiki za kuchomeka.

Huwezi kuielewa hasira iliyofuata bila kuuelewa kwanza ugumu wa kazi yenyewe. VCS ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 (baiti moja hutosha herufi moja tu), yaani pungufu ya idadi ya herufi zilizomo katika sentensi hii unayoisoma sasa, na ndani ya nafasi hiyo finyu mtunzi alipaswa kuweka pointi za wachezaji, mahali kila kitu kilipo na hesabu zote za mchezo unapoendelea. Mashine haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha nzima. Mwale wa runinga ulipokuwa ukichora mstari mmoja baada ya mwingine, programu ilitakiwa kuieleza chipu ya picha, papo kwa papo, nini kionekane kwenye mstari huo, na kwa kila mstari prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilipata mapigo 76 tu ya saa yake ya ndani, huku amri moja ikila mapigo mawili au zaidi. Mtunzi aliyezidisha hesabu kidogo tu aliona picha yake ikiyumba. Isitoshe, mtu mmoja ndiye aliyebuni mchezo, akauchora, akautungia sauti na kuandika programu yote, kazi ya miezi kadhaa.

Watunzi wanne wa namna hiyo walikuwa David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead. Kwa mujibu wa masimulizi ya Crane, waraka wa idara ya masoko uliopita ofisini ulionyesha mauzo ya kila kaseti, na wanne hao walipojumlisha wakakuta kwamba kazi zao zilikuwa zimeingiza takriban dola milioni 60 kati ya milioni 100 zilizopatikana kwa kaseti mwaka 1978, ilhali hakuna kati yao aliyelipwa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Walikwenda kwa mkuu wa kampuni, Ray Kassar, aliyekuwa ametoka katika biashara ya vitambaa, wakaomba mrabaha na kutambuliwa kwa majina yao kama waandishi wa vitabu na wanamuziki. Jibu walilopewa, kama Crane anavyolikumbuka, ni kwamba wao hawakuwa na umuhimu kuliko mfanyakazi anayeunganisha kaseti kiwandani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: chini ya Kassar mauzo ya Atari yalipaa hadi takriban dola bilioni 2 mwaka 1982. Hata hivyo, linalonishangaza mpaka leo ni kwamba mwenye Atari, yaani Warner, alikuwa akimiliki kampuni kubwa za muziki, ambako jina la mwimbaji huchapwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la santuri. Waliyoyaomba wale wanne yalikuwa mazoea ya kila siku katika nyumba hiyo hiyo, ila chumba cha pili.

Waliondoka. Tarehe 1 Oktoba 1979 ikaanzishwa Activision, wakiwa pamoja na Jim Levy, ambaye naye alitoka katika biashara ya muziki. Crane amewahi kueleza kwamba jina hilo liliwapendeza pia kwa sababu katika orodha ya alfabeti lingetangulia lile la Atari. Hadi wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa nje angeweza kutengeneza kaseti za mashine ya kampuni nyingine. Aliyeunda mashine ndiye aliyeuza michezo yake, basi. Atari ilikwenda mahakamani, na shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 1982 kwa makubaliano kwamba Activision ilipe mrabaha. Pamoja na kila kaseti ya Activision kulikuwa na kijitabu chenye jina na picha ya mtunzi, akitoa siri mbili tatu za kushinda mchezo wake. Mwaka huo wa 1982 Crane alitoa mchezo wa porini uitwao Pitfall!, uliouza zaidi ya nakala milioni 4. Pori lake lina sehemu 255 za kupita, lakini hakuzihifadhi hata moja. Aliandika kanuni fupi ya hesabu inayozizalisha kila mchezaji anaposogea kulia au kushoto, ikiwa ndani ya programu isiyozidi kilobaiti 4.

Kuna mwingine ambaye mwanao angependa kumsikia. Warren Robinett, aliyebaki Atari muda kidogo tu, hakuomba ruhusa ya mtu. Katika mchezo wake uitwao Adventure alificha chumba cha siri, ambacho mchezaji hukifikia akigundua nukta moja ndogo mno yenye rangi ile ile ya sakafu na kuibeba hadi kwenye ukuta fulani. Ndani yake, kwa herufi zinazobadilika rangi, mliandikwa jina lake kama mtunzi. Hakumwambia mtu yeyote, akaacha kazi mwaka 1979, na Atari ikapata habari kwa barua ya kijana mmoja wa Utah aliyekifumania chumba hicho. Kufuta maneno hayo kungegharimu fedha nyingi kwa kuwa programu ilikuwa imekwisha kuchongwa ndani ya chipu, kwa hiyo yakaachwa. Siri za namna hiyo ndizo ambazo watunzi wa leo huziita mayai ya Pasaka.

SWALI: Mheshimiwa, ikiwa Atari ilikuwa tajiri kiasi hicho, iliangukaje ghafla? Tena nimesikia kwamba ilizika michezo jangwani. Hili nalo lina ukweli? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Lina ukweli. Mwezi Septemba 1983 malori ya Atari yalimwaga shehena ya kaseti na vifaa vingine katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico, vikafunikwa kwa saruji. Kwa miaka mingi watu walibishana kama jambo hilo lilitokea, mpaka Aprili 2014 jalala lilipofukuliwa na kaseti zikaonekana, zikiwemo za mchezo wa E.T. Mchezo huo Howard Scott Warshaw aliuandika kwa takriban wiki tano tu ili uwahi Krismasi ya mwaka 1982, na tangu hapo amebebeshwa lawama ya kuiangusha biashara nzima. Naona anaonewa.

Shina la matatizo lilikuwa pana zaidi. Baada ya Activision kuonyesha kwamba mlango uko wazi, waliingia wengi waliokuwa na fedha lakini hawakuwa na watunzi wa kiwango cha wale wanne. Maduka yakajaa kaseti hafifu, kampuni changa zikafilisika, na mali yao ikauzwa kwa dola tano au pungufu kando ya michezo mizuri ya dola 30 na zaidi. Mzazi aliyesimama mbele ya rafu hakuwa na namna ya kutofautisha. Mwaka 1983 Warner ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500 kutokana na Atari, na Julai 1984 kitengo cha michezo na kompyuta za nyumbani kikauzwa kwa Jack Tramiel, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Commodore. Activision nayo ilitikisika, na Miller na Whitehead waliiacha mwaka 1984 wakaanzisha kampuni nyingine ya michezo, Accolade.

SWALI: Je, wanawake walikuwepo katika kampuni hizo za mwanzo, au zilikuwa za wanaume watupu? (Msomaji wa kike, Zanzibar)

JIBU: Walikuwepo, dada yangu, ingawa walikuwa wachache. Roberta Williams alibuni Mystery House, uliotoka mwaka 1980 kwa kompyuta za Apple II; mumewe Ken aliandika programu, na nakala za kwanza ziliuzwa zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Kutokana nao ikakua kampuni ya Sierra On-Line.

Carol Shaw aliajiriwa na Atari mwaka 1978 kuandika programu za michezo, kisha akahamia Activision, ambako mwaka 1982 alitoa River Raid, mchezo wa ndege inayoruka juu ya mto huku mafuta yakipungua. Mto ule ni mrefu kupindukia, na kama lilivyo pori la Crane, haukuhifadhiwa popote bali huzalishwa kwa hesabu ndege inavyosonga mbele. Jina lake lilichapwa pamoja na mchezo. Aliyefikisha pointi 15,000 aliweza kuipiga picha skrini ya runinga yake, akaituma Activision kwa posta, na kurudishiwa beji ya kitambaa ya kushonea kwenye nguo.