Mahakama hutoa haki, au hutoa nafuu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi nilisikia kwenye taarifa ya habari: "Mahakama imewapa mahabusu haki ya kuonana na mawakili wao." Mwenzangu wa kazini akasema sentensi hiyo ina kasoro, kwa sababu mahakama haiwezi kumpa mtu haki ambayo anayo tayari. Mimi naona hicho ni Kiswahili cha kila siku. Nani yuko sahihi? Na pia, tuseme "haki za binadamu" au "haki za kibinadamu"?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako ameona jambo la kweli, lakini nawe hukukosea uliposikia humo Kiswahili cha kila siku. Ugumu unatokana na neno haki lenyewe, maana kwetu limebeba mizigo miwili. Ipo haki ambayo mtu anayo: haki ya kuishi, haki ya kusikilizwa, haki ya kumwona wakili. Na ipo haki ambayo hutendwa: hakimu ametenda haki, au kesi imekwisha na haki haikuonekana. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako haqq ni ukweli na pia ni kile anachostahili mtu, na hakika na uhakika ni ndugu zake wa damu. (Wengi hudhani hakimu naye ametokana na haki. Hapana. Hakimu, hukumu na mahakama ni wa ukoo mwingine, ule wa kuamua. Ndiyo maana hukumu inaweza kutolewa na haki isiwemo.)

Ukitaka kujua ni haki ipi inayosemwa, jaribu wingi. "Haki zake zimelindwa" inakaa sawa mdomoni. "Haki zitendeke" inakataa, sikio linaisukuma nje, kwa kuwa haki inayotendwa haina wingi. Sasa, ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania inaitaja Mahakama kuwa ndiyo mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji wa haki, na huenda ukanijia na ibara hiyo mkononi kuonyesha kwamba mahakama hutoa haki. Ni kweli, hutoa. Ila haki ya hapo ni ile isiyo na wingi. Vilevile mtu akishinda kesi watu husema "mahakama imempa haki", wakimaanisha imeona kwamba upande wake ndio wenye ukweli. Matumizi hayo ni safi na ya siku nyingi, wala sina ugomvi nayo.

Sentensi uliyoisikia ni kitu kingine. "Haki ya kuonana na mawakili" ni haki ya kuwa nayo, ile yenye wingi. Na kitenzi kupa hakiji mikono mitupu. Ukisema "baba amempa mtoto baiskeli", nimekwisha kuelewa kwamba jana mtoto hakuwa na baiskeli. Kwa hiyo msikilizaji wa taarifa ile anabaki na picha kwamba mpaka juzi mahabusu hawakuwa na haki ya kumwona wakili, jaji akawaonea huruma, akawapa. Hapo haki imegeuka ruhusa. Ruhusa hutolewa na mkubwa, na mkubwa huyohuyo akibadili mawazo huirudisha mfukoni. Haki haiombwi hivyo.

Tazama jinsi lilivyosemwa katika tafsiri ya Kiswahili ya tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu cha 1 kinaanza: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Zao. Hakuna aliyetoa, hakuna aliyepokea. Mtu kazaliwa, na haki ziko naye.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la nyuma mahakamani siku mzee mmoja aliposomewa hukumu iliyomwangusha. Hakimu alisema kwa Kiingereza, karani akamfasiria: "Mheshimiwa anakupa haki ya kukata rufaa." Mzee akainama, mikono kifuani, akasema, "Ahsante sana mheshimiwa, Mungu akubariki." Akatoka. Nilimfuata nje kumwuliza kama atakata rufaa. Akaniambia hapana, baba, mtu akikukirimu usimrudishie kwa kumshitaki kwa wakubwa zake. Alikuwa ameelewa sawasawa kabisa alichoambiwa. Karani angesema "una haki ya kukata rufaa", maneno machache zaidi, yule mzee angetoka na kitu chake mkononi. Mpaka leo linaniuma.

Basi kama haki ni ya mtu tangu mwanzo, mahakama inatoa nini? Mawakili wanalo neno, na natamani litoke mahakamani liingie kwenye taarifa za habari: nafuu. Mleta maombi huorodhesha mwishoni mwa hati yake nafuu anazoomba: mahakama itamke kwamba haki yake imekiukwa, iamuru mjibu maombi aache anachokifanya, ifute uamuzi fulani, amri ya fidia itolewe. Kifungu cha 8 cha tamko lile la 1948 kinahusu jambo hilohilo, kwamba aliyevunjiwa haki zake za msingi apate kwa mahakama za nchi yake tiba iliyo ya kweli. Nalipenda neno hili kwa sababu tunalitumia pia kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa akipata nafuu, daktari hakumpa mwili mpya; mwili ni wake, ulikuwa umeumia. Angalia pia kitenzi kukiuka. Asili yake ni kukivuka kitu kwa kutupa mguu juu yake. Aliyekiuka haki yako ameipita tu, na yenyewe bado iko palepale ilipokuwa.

Hata hivyo usiende sasa ukamsahihisha kila asemaye "kupa". Neno moja dogo linaweza kuiponya sentensi: "Mahakama imewapa mahabusu haki yao." Hiyo yao imekwisha kusema mali ni ya nani, kama tunavyosema "mpe mtu haki yake". Na zipo haki ambazo kweli huzaliwa na sheria. Bunge likiongeza siku za likizo ya uzazi, ni sawa kabisa kusema sheria mpya imewapa wafanyakazi haki ya siku hizo. Kabla yake hazikuwapo.

Kwa kuwa tumefika kwenye vitenzi, kuna kosa jingine linalonisumbua zaidi kuliko hilo lako: "Tume ya haki za binadamu imehukumu…" Tume kwa kawaida haihukumu. Hupokea malalamiko, huchunguza, hupatanisha, kisha hupendekeza. Mahakama ndiyo inayohukumu na kuamuru. Barani Afrika tofauti hii ina majengo yake. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoundwa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, iko Banjul, Gambia, na mwisho wa uchunguzi wake hutoa mapendekezo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotokana na Itifaki ya 1998 (nyongeza ya Mkataba huo) iliyoanza kuwa na nguvu kisheria mwaka 2004, iko Arusha, na nchi zilizoridhia Itifaki hiyo zimeahidi kutii hukumu zake. Mwandishi akichanganya kupendekeza na kuamuru, raia anaenda nyumbani akidhani serikali imeamriwa kumbe imeshauriwa, au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi.

Swali lako la pili halihitaji maneno mengi. Mimi husema haki za binadamu, na ndivyo yasemavyo majina ya Mkataba na Mahakama niliyoitaja. Kiunganishi za kinaonyesha mwenye mali: haki hizi ni za nani? Za binadamu. Ki- ya kibinadamu inaonyesha namna au tabia, ndiyo maana tuna msaada wa kibinadamu, udhaifu wa kibinadamu, na sheria ya kibinadamu ya kimataifa, ambayo hushughulikia mwenendo wakati wa vita. "Haki za kibinadamu" utaisikia sana, hasa katika vyombo vya habari vya Kenya, na anayeisema anaeleweka. Simwiti mkosaji. Lakini ukiniachia nichague, sitaacha neno linalomtaja mwenyewe nikachukua linalotaja tabia yake.

Na habari ile ya mahabusu ningeiandika hivi: "Mahakama imetamka kwamba mahabusu wana haki ya kuonana na mawakili wao, na imeamuru uongozi wa gereza uache kuwazuia."