Jibu: Nitapimaje Kiingereza cha kuzungumza cha waombaji kazi?

Ndugu, umeuliza kama mahojiano ya kawaida yanatosha kupima Kiingereza cha watu watakaopokea simu za wateja. Hayatoshi. Swali la "jieleze kwa ufupi" kila mtu amelikariri, kwa hiyo hapo unapima kumbukumbu tu.

Anzia kwenye kazi yenyewe. Chagua mazungumzo mawili ambayo mwombaji atakutana nayo kila siku, myaigize. Mfano: wewe ni mteja, mzigo umechelewa siku 4 na umekasirika. Mpe dakika 2 asome maelezo, kisha mpigie simu kweli, maana ana kwa ana uso na mikono humbeba sana. Katikati taja namba ya oda haraka, yenye 15 na 50 ndani yake, ambazo kwa Kiingereza husikika karibu sawa. Je, atairudia ili kuhakikisha? Anayeitikia tu "yes, yes" atatuma mzigo kusikotakiwa, hata kama anatamka vizuri ajabu.

Rekodi simu hiyo. Wapimaji 2 watoe alama 1 hadi 5, kila mtu peke yake: kueleweka, ufasaha, msamiati, sarufi. Wakipishana kwa alama 2, wasikilize tena pamoja. Tafadhali msimkate mtu alama kwa lafudhi. Kateni pale tu mlipolazimika kumwomba arudie.

Cheti cha IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kinasaidia, ila soma alama ya kuzungumza peke yake. Alama ya jumla ni wastani wa stadi 4, na kusoma kwaweza kuficha ulimi mzito.