Betri ya gari la kisasa usiilipie kabla hujaipima

Jana kuna msomaji kanitumia meseji, "kaka nisaidie", gari lake lina ule mfumo wa kujizima lenyewe ukisimama kwenye taa na kujiwasha ukiachia breki, betri imekufa, fundi kamwambia aweke betri ya kawaida tu maana "zote ni volti 12". Nimesoma nikacheka, afu nikakasirika upya. Hiyo kauli na mimi nimeshatupiwa, mbele za watu, na sijasahau.

Gari langu lilianza na dalili ambayo wengi wanaipuuza. Ule mfumo wa kujizima uliacha kufanya kazi kimyakimya, na kuna watu hapo wanafurahi kabisa kwa sababu ulikuwa unawakera, kumbe kompyuta imeshaona betri haina nguvu za kuwasha injini tena na tena na imeamua kujihami. Baadaye zikaanza taa za ajabu kwenye dashibodi, mara ABS ya breki, mara usukani, vitu ambavyo havina ugonjwa wowote, ni umeme tu unaporomoka pale stata inapopiga na vile vikompyuta vya gari vinachanganyikiwa. Kuna watu wameuziwa sensa na moduli nzima kwa dalili hizohizo. Pima betri kwanza jamani.

Nikapima asubuhi gari halijaguswa, multimita (kile kipimo cha umeme) inasoma chini ya volti 12. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8 hivi, ikifika 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 huna betri hapo. Nikaichaji, ikashuka tena. Nikaangalia altaneta, inachaji. Nikaangalia kama kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limefungwa, na hapa uwe mpole, magari ya sasa hayalali ukishafunga tu mlango, yanaweza kuchukua nusu saa au zaidi, likishalala kabisa ndo unasoma, kawaida isizidi miliampia 50. Kote safi. Betri ndo ilikuwa imezeeka.

Sasa dukani. Muuzaji hata hajauliza betri iko wapi (iko kwenye buti, chini ya zulia), kaleta betri ya maji ya kawaida kaiweka kaunta. Nikamwambia gari hili linatumia betri ya aina ya AGM. Akasema, "Bosi, hayo majina ya kuuzia tu, zote volti 12." Fundi wake akacheka, na mteja mwingine ambaye hata hatujuani naye akacheka, nikaitwa mjuaji. Sawa, mi mjuaji.

Ila mjuaji anajua hivi. Kwenye AGM asidi haichezi kama maji, imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya sahani za madini ya risasi, ndo maana inavumilia kutoa na kupokea chaji mara nyingi sana. Kuna na EFB, hiyo ni betri ya maji lakini imeimarishwa, inawekwa kwenye magari ya kujizima ambayo mahitaji yake ni madogo kidogo. Ya kawaida imetengenezwa ipige stata mara moja afu ijazwe njia nzima. Kuitia kwenye gari linalojizima kila kwenye taa ni kumbebesha punda mzigo wa lori, itabeba, ila si kwa muda mrefu. Kwa hiyo iliyokuwa AGM inarudi AGM. Iliyokuwa EFB inarudi EFB, au mara nyingi unaweza kupanda AGM, kushuka hapana. Magari ya Kijapani yenye huo mfumo yana namba zake, M-42, N-55, Q-85, S-95, ukizikuta kwenye ya zamani tafuta hizohizo.

Nikakomaa. Mwisho akaingia stoo akatoka na AGM, anaifuta vumbi kwa tambara huku anaongea sana. Anayeongea sana huku anafuta, mwangalie mikono. Tambara lilikuwa linapita kila mahali isipokuwa kwenye kistika cha tarehe, hapo kidole gumba kilikuwa kimekaa. Nikamwomba ainue kidole. Betri ilikuwa imekaa stoo zaidi ya mwaka. Nikatoa multimita mfukoni (ndiyo, natembea nayo) ikasoma 12.2, betri "mpya". Betri hata ikikaa bila kutumika inajimaliza yenyewe polepole, na ikikaa chini ya 12.4 sahani zinaanza kushika ukoko wa sulfeti, ukija kuichaji haijai tena kama mwanzo. Na jamaa alitaka nilipe kwanza ndo aifunge! Hakuna aliyecheka safari hii. Nikafunga multimita yangu nikaondoka, na sitadanganya, nilitembea taratibu makusudi ili wanione vizuri.

Niliyoichukua kwingine ilikuwa ya miezi ya karibuni, inasoma 12.8. Ampea-saa (kiasi cha umeme inachotunza) zilezile za ya zamani, CCA haijapungua (hiyo ndo nguvu ya kupiga stata kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, usishuke chini ya iliyoandikwa kwenye ya zamani), na chanya na hasi ziko upande uleule, maana zikigeuka waya hazifiki, au zinafika vibaya ambako ni hasara kubwa zaidi.

Wakati wa kufunga usiende kunywa soda. Kwenye hasi ya magari haya kuna kiboksi cheusi kidogo chenye vijiwaya vyembamba, hiyo ni sensa inayohesabu chaji inayoingia na kutoka. Fundi alishachomeka bisibisi chini yake anataka kuikongoa, nikamshika mkono. Legeza nati, chezesha taratibu, inatoka. Na kama betri iko ndani ya gari kuna kibomba chembamba kinatoa gesi nje, ni haidrojeni hiyo inayolipuka, kirudishwe mahali pake, kuna mafundi wanakiacha kinaning'inia tu.

Afu kompyuta iambiwe. Kwenye BMW hili linajulikana zaidi lakini si huko tu, gari linakumbuka umri wa betri na linachaji kwa kufuata huo umri, usiposajili mpya linaendelea kuichaji kama kikongwe. Ukibadilisha aina au ukubwa inabidi na mpangilio wa betri kwenye kompyuta ubadilishwe. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine. Sasa uliza kabla, bei uliyotajiwa ina kufunga na kusajili ndani au betri peke yake? Maana nyie nyote mnataka gari lidumu, najua, ila kwenye kulipa mnakuwa na haraka utafikiri mnafukuzwa! Hela itoke baada ya kupima, si kabla. Risiti iandikwe namba ya betri na tarehe, waranti iwe kwenye karatasi, na soma inasemaje, kuna waranti za kubadilishiwa bure na kuna za kukukatia asilimia kadiri miezi inavyokwenda, hizo si kitu kimoja hata kidogo.

Na ile iliyokufa usiiache chini kama takataka. Ndani imejaa madini ya risasi, inayeyushwa na kutengenezewa betri nyingine, wenye maduka wanaiuza. Waulize wanakata kiasi gani kwenye bei wakati hela bado iko mfukoni mwako, ukishalipa utaambiwa haina thamani.